Kiwanja Kibaha huku kazi iko Dar: mitaa ninayoikubali na mitaa ya kufikiria mara mbili

Kama kazi yako iko Posta, Kariakoo au Ubungo na hela yako haifiki bei za Goba wala Mbezi, Kibaha ndo sehemu ya kwanza watu watakutajia, na mi naishi huku na nakubaliana nao kabisa. Ila Kibaha sio mtaa mmoja jamani. Mtu anakwambia "nimepata kiwanja Kibaha bei poa" ukimuuliza Kibaha ipi anakutajia sehemu ambayo kutoka pale mpaka Maili Moja, katikati ya mji, ni safari nyingine kamili. Halmashauri ya mji ina kata kibao, Tumbi, Tangini, Picha ya Ndege, Mkuza, Msangani, Pangani, Kongowe, Misugusugu, Visiga na nyingine, bado hujagusa Mlandizi na Soga ambazo ni upande wa wilaya, na kila moja ina maisha yake. Kwa iyo hapa naisema mitaa kama ninavyoijua, kwa jicho la mtu anayetoka alfajiri na kurudi usiku, sio mtu anayenunua aweke tu asubiri bei ipande.

Kipimo changu ni kimoja na nakishikilia: kutoka getini kwako mpaka kwenye lami, saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa nne, unafikaje? Dalali atakwambia "dakika tano tu kwa boda" na saa nne asubuhi ya kiangazi kweli ni dakika tano. Masika ikikolea ile njia ya udongo inakatika, boda anakataa kuingia au anapandisha bei, na wewe una viatu vya kazini mkononi. Halafu piga hesabu. Tuseme boda ni 1,500 kwenda na 1,500 kurudi, siku 26 za kazi ni 78,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni 936,000, na hapo ni mtu mmoja, hujaweka mama watoto wala mtoto wa sekondari. Ukikaa miaka mitano ile tofauti ya bei iliyokufanya uende ndani imeshaliwa yote na boda. Ndo maana mi kiwanja kidogo ambacho naweza kutembea kwa mguu mpaka lami nakipa alama nyingi kuliko nusu eka kule ndani.

Jambo la pili ni njia nane. Ule upanuzi wa barabara ya Morogoro kuanzia Kimara mpaka Kibaha, kilomita 19.2, umebadilisha kila kitu kwa watu wa huku, lakini njia nane zinaishia maeneo ya Maili Moja. Ukivuka hapo kuendelea na Mlandizi unaingia kwenye barabara ya kawaida ambayo unagawana na malori yote yanayotoka bandarini kwenda Zambia, Kongo, Rwanda na mikoani. Lori moja likiharibika vibaya mnakaa. Kwa iyo kilomita tatu kabla ya Maili Moja na kilomita tatu baada ya Maili Moja sio kitu kimoja kabisa, hata kama kwenye ramani zinaonekana sawa, na madalali hili hawaligusi.

Tuanze na Kiluvya basi maana ndo unaikuta kwanza ukitoka Dar. Kwa usafiri iko vizuri, njia nane iko mlangoni, daladala za Mbezi zipo toka alfajiri, unashuka Mbezi pale stendi ya Magufuli au unaenda mpaka Kimara unadaka basi la mwendokasi. Shida yake ni kwamba Kiluvya imegawanyika, kuna ya Ubungo na kuna ya Kisarawe, yaani majirani wawili wanaweza kuwa wanafuatilia hati kwenye halmashauri mbili tofauti na mikoa miwili tofauti. Kabla hujatoa hata mia uliza mwenyekiti wa mtaa au kijiji kiwanja kiko upande gani, afu nenda kathibitishe halmashauri kwenyewe. Na Kiluvya hiyohiyo watu waliwekewa alama ya X na kuvunjiwa mwaka 2017, kutoka Kimara kuja huku, kwa sababu hifadhi ya barabara ya Morogoro, yaani eneo la barabara lisiloruhusiwa kujengwa, kwenye kipande kile ni mita 121.5 kutoka katikati ya barabara, sio mita 30 ambazo watu wengi wamezikariri. Waliovunjiwa walikuwa na nyumba nzuri tu, wengine wana umeme na maji ya serikali. Kuwa na luku (mita ya umeme) hakumaanishi uko nje ya hifadhi. Kwa iyo Kiluvya naikubali, ila kwa kiwanja kilichopimwa tu na chenye ramani ambayo umeiona kwa macho yako.

Maili Moja yenyewe sipendekezi kwa makazi. Ni biashara, kelele, viwanja vimebanana na bei yake ni ya fremu za maduka. Ukitaka kujenga fremu sawa. Ukitaka watoto walale mapema sogea mbele.

Sasa Tumbi na Tangini, hapa nakaa kidogo maana ndo chaguo langu la kwanza kwa mtu mwenye familia na naisema bila kupepesa. Kuna hospitali ya rufaa ya mkoa pale Tumbi, ofisi za mkoa ziko jirani, kuna shule za Shirika la Elimu Kibaha ambalo lilianza mwaka 1963 kama mradi wa nchi za Nordic, na ukaribu huo wa hospitali na shule unaujua thamani yake siku mtoto amepandisha homa saa nane usiku. Mitaa mingi imepangwa, barabara za ndani zinaeleweka, kuna miti, taa za barabarani zipo baadhi ya sehemu, na kutoka nyumba nyingi mpaka lami ni mwendo wa mguu au bajaji ya kuchangia, sio boda ya peke yako. Udongo sehemu za juu ni kichanga, mvua ikinyesha usiku asubuhi unapita. Ubaya wake ni bei, hiyo sikufichi, na pia Shirika la Elimu lina ardhi kubwa sana maeneo ya Tumbi, kwa iyo ukioneshwa kiwanja kinachopakana na eneo la taasisi kwa bei ya kushangaza, ujue kuna kitu. Taasisi ya serikali haisahau mpaka wake hata ikikaa kimya miaka ishirini.

Picha ya Ndege na Kwa Mathias ni kwa bajeti ya kati na nayakubali pia. Kumechangamka, soko lipo, mahitaji yote unapata bila kwenda Maili Moja, usafiri haulali mapema. Hapa mtaa mmoja na mwingine vinatofautiana sana, ukiwa mistari ya karibu na lami ni pazuri mno, ukishuka mabondeni hadithi inabadilika. Kuna sehemu udongo ni mfinyanzi mweusi, kiangazi unapasuka nyufa unaweza kuingiza kidole, masika unageuka ute. Angalia kuta za majirani. Ukiona mstari wa rangi ya kahawia kwenye ukuta futi moja hivi kutoka chini, na nyumba zote zimejengwa msingi mrefu wa tofali nyingi, hayo ni maji yameshaongea, na msingi wako na wewe utakula hela hizohizo. Angalia na shimo la choo, uliza jirani kama huwa linajaa lenyewe mvua zikizidi. Majirani wanasema ukweli kuliko dalali maana hawapati kitu.

TAMCO naitaja haraka: ni eneo la viwanda, malori mengi, ajira zipo, ukijenga vyumba vya kupangisha wafanyakazi utapata wapangaji, ila kuishi mwenyewe na familia mi hapana. Kinachoipa maana ni ile barabara ya TAMCO kwenda Vikawe mpaka Mapinga, inayounganisha Morogoro Road na barabara ya Bagamoyo. Lami imekuwa ikiwekwa kwa vipande, na kila kipande kikikamilika bei zinaruka. Mtu anayefanya kazi Tegeta au Bunju hiyo njia inamhusu moja kwa moja. Ila nunua kwa kuangalia lami ilipo leo, sio itakapofika, maana bei unayoambiwa tayari imehesabu lami ambayo haipo.

Njiani humo ndo unapita Pangani, na Pangani ndugu zangu twende taratibu. Kuna mgogoro wa siku nyingi wa shamba la serikali la Mitamba, watu waliuziana vipande, wakajenga, na mwisho wake ikawa ni mambo ya kuvunjiwa na machozi. Pangani ni kubwa na kuna viwanja safi kabisa vilivyopimwa, sisemi kata nzima ni mbovu, nasema hapa hununui kwa karatasi ya mauziano peke yake hata kama imegongwa mhuri na imesainiwa na mashahidi kumi. Unaenda halmashauri idara ya ardhi na namba ya kitalu na namba ya kiwanja, wanakuangalizia kwenye ramani, basi. Muuzaji asiyekuwa na hizo namba mshukuru uondoke.

Hapa nieleze bikoni maana naona watu wanaoneshwa wanatingisha kichwa tu. Bikoni ya kweli ni kile kijiti cha zege kilichozikwa, juu kina nondo au bomba la chuma katikati, na kina namba. Ile namba lazima iwe ileile iliyoandikwa kwenye ramani ya upimaji. Wapo wanaomwaga zege lao wenyewe wanachomeka nondo, ukipita unaona "kiwanja kimepimwa". Tafuta mpimaji wako mwenyewe, sio aliyeletwa na dalali, aje na kifaa asome koordineti za kona zote nne alinganishe na ramani. Gharama yake ukilinganisha na bei ya kiwanja ni ndogo sana. Na ukubwa pia, huku watu wanauza kwa miguu. "Ishirini kwa ishirini" ukiwa unawaza mita ni skwea mita 400, lakini kama ni hatua za mtu, na hatua ni kama sentimita 75 hivi, umepata kumi na tano kwa kumi na tano, skwea mita 225, karibu nusu imeyeyuka. Andikeni mita kwenye mkataba. Na kama muuzaji ana mke au mume, mwenza asaini, sheria ya ndoa ya 1971 inalinda nyumba ya familia na mauziano bila ridhaa ya mwenza yanaweza kuvunjwa ukabaki na kesi kwenye Baraza la Ardhi.

Kuna na hili la asilimia 10 ya bei ya kiwanja ambayo ofisi ya mtaa inaomba. Mi niliombwa, tena kwa sauti ya kwamba bila hiyo mhuri haupatikani, na iliniuma sana kwa sababu ni hela ya kuanzia msingi. Nikasema nipeni control namba, ile namba ya malipo ya serikali, nilipe serikalini. Hawakuwa nayo. Hela halali ya serikali ina control namba na risiti, isiyokuwa nayo siilipi na nakushauri usiilipe. Ushuru wa stempu wa asilimia 1 upo kisheria na kodi ya ongezeko la mtaji ipo kwa muuzaji, hizo zipangeni mapema nani analipa nini, zisije kuwagombanisha wakati wa kuhamisha hati.

Maji sasa. Kibaha yote hii inategemea mtambo wa Ruvu Juu pale Mlandizi, bomba linatoka kule linashuka kuja Kibaha, Kibamba, Mbezi mpaka Kimara. Unaweza kudhani kwa vile tuko karibu na mtambo basi maji ni ya uhakika, kumbe inategemea mwinuko. Mitaa ya mlimani presha inakuwa ndogo, maji yanakuja usiku au hayaji. Na mto Ruvu wenyewe ukipungua wote tunaisoma, Oktoba 2022 DAWASA (mamlaka ya maji) walitangaza mgao Dar nzima na huku tulikuwemo. Bwawa la Kidunda likikamilika naamini tutapumua. Kwa saivi, ukiwa unakagua mtaa hesabu masimtanki juu ya minara. Mtaa wote una matanki ya lita 5,000 mawili mawili na magari ya maji yanapishana, umeshajibiwa.

Kongowe, Misugusugu na Visiga hapa ndo watu wengi wanaangukia kwa sababu ya bei. (Kongowe hii ni ya Kibaha, sio ile ya Mbagala, nimeshaona tangazo la mtandaoni limechanganya picha za huku na maelezo ya kule.) Viwanja ni vikubwa, hewa safi, unafuga kuku na unalima mchicha, kwa mtu anayekaribia kustaafu ni pazuri kwelikweli na nampa baraka zote. Kwa mtu wa kuripoti Posta saa mbili kamili, kila siku, hapana. Sio kwamba ni mbali sana kwa kilomita, ni ile barabara ya malori niliyosema, na jioni daladala za moja kwa moja zinapungua unabadilisha mara mbili. Halafu kuna mpango wa barabara ya kulipia, expressway ya Kibaha, Chalinze mpaka Morogoro, ukinunua upande wa huku nenda ofisi ya TANROADS (wakala wa barabara) mkoa uliza kama kiwanja chako kiko mbali na njia yake. Uliza na nyaya kubwa za umeme zinazotoka Morogoro kwenda Ubungo, viwanja vya chini ya zile nyaya ni rahisi kwa sababu hairuhusiwi kujenga, na kuna watu wanaviuza mchana kweupe. Na mito pia, mita 60 kutoka kingo za mto ni marufuku kwa mujibu wa sheria ya mazingira ya 2004, kwa iyo kiwanja chenye "view ya mto" sikigusi.

Visiga nitaongeza: kama unapata kiwanja kilichopimwa ndani ya mita mia tano kutoka lami, na kazi yako haikubani saa, chukua. Cha kilomita nne ndani bila umeme, na nguzo unaambiwa "zinakuja mwaka huu", achana nacho mpaka nguzo ije.

Nimalizie na Soga maana treni imeitia watu wazimu, na kwa haki kabisa. SGR, ile reli ya kisasa, ilipoanza kubeba abiria Dar kwenda Morogoro tarehe 14 Juni 2024 Soga ikawa kituo, baada ya Pugu, na nauli ya kawaida ikatangazwa 4,000 kutoka Dar. Kijiji kilichokuwa kimelala kusini ya barabara ya Morogoro ghafla kikawa na stesheni ya kisasa, na matangazo ya viwanja yakaanza kusema "dakika chache kutoka SGR". Mi nilienda kukagua nikiwa na hamu kweli ya kununua. Kijiji ni kizuri, tambarare sehemu nyingi, watu wakarimu, na ukiwa ndani ya treni unafika mjini haraka bila kuona foleni hata ya gari moja.

Ila treni hii ni ya mikoani, sio ya kwenda na kurudi kazini. Zile za haraka hazisimami Soga, unasubiri ya kawaida, kwa iyo kabla ya kuangalia kiwanja chukua ratiba ya sasa uone kama kuna treni inayokufikisha Dar kabla ya saa mbili na nyingine inayokurudisha jioni siku zako zote za kazi. Ukaguzi wa mizigo nao unataka ufike mapema. Ukiikosa ya jioni, kurudi ni kwa barabara mpaka Morogoro Road na kisha boda ndefu usiku, hiyo safari siitamani. Na nauli, 8,000 kwa siku mara 26 ni 208,000 kwa mwezi, jilinganishie na daladala.

Jambo jingine la Soga ni kwamba ni kijiji, sheria inayotawala ni ya ardhi ya vijiji, namba 5 ya 1999. Ardhi ya kijiji inapitia halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, na karatasi unayoweza kupata ni hati ya hakimiliki ya kimila mpaka eneo lipangwe na kupimwa kimji. Sio hati mbaya, ila benki nyingi zinasita kuikopea na mchakato wake mtu wa mjini hauzoei. Kuna maeneo yamepangwa na kupimwa, hayo ndo ya kuulizia. Anayefanya kazi kwa zamu, au anayeenda mjini siku mbili tatu kwa wiki, au mwenye ofisi jirani na stesheni pale mjini, Soga namshauri aende akaione. Wa kila siku saa mbili abaki Tangini au Tumbi, na hela ikibana Picha ya Ndege mistari ya juu, hata kama ni kiwanja cha skwea mita 300.